Niambie Utakachoacha

Kila aliyerudi kutoka mafunzoni alipita kwanza mezani kwa Mama Mhandisi. Hapakuwa na njia nyingine. Meza yake ilikaa mkabala na mlango wa ofisi yetu ya maji pale Lindi, na yeye mwenyewe alikuwa na macho ya mtu anayengojea mgeni. Cheti ulichokuja nacho hakukitazama. Alikupa karatasi moja tupu, akakuonyesha kiti.

"Ulichojifunza kimeandikwa kwenye cheti," alisema. "Mimi niambie utakachoacha."

Mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Nilikuwa mhandisi mhitimu, miezi minne tu kazini, nimetoka kwenye semina ya siku mbili kuhusu pampu zinazotumia nguvu ya jua. Nikaandika kwamba nitaacha uvivu. Akasoma, akanirudishia karatasi, akasema uvivu wangu nikamweleze mama yangu kule Mtanda, yeye anataka jambo la kazi. Ilinichukua mpaka adhana ya adhuhuri kuandika kwamba nitaacha kuchagua pampu kwa kutazama iliyofungwa kijiji cha jirani. Hapo akatabasamu, akaikunja ile karatasi, akaiweka kwenye faili lenye jina langu. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila mmoja wetu alikuwa na faili lake, hata dereva wetu Bakari, aliyewahi kupelekwa kozi ya usalama barabarani akarudi na kuandika kwamba ataacha kula mihogo ya kukaanga huku anaendesha.

Jina lake tulilijua sote, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Ofisini alikuwa Mama Mhandisi, vijijini alikuwa Mama Mhandisi, na hata barua za wakubwa, zilizoanza kwa jina kamili na cheo kirefu, zilipofika mapokezi zilitangazwa kuwa ni za Mama Mhandisi. Alikuwa mfupi, mpana kidogo, mwenye mwendo wa haraka. Kofia ngumu ya kazi aliivaa juu ya ushungi, na buti zake zilikuwa za kiume, kubwa kuliko miguu yake, kwa hiyo alivaa soksi jozi mbili hata kwenye joto la mwezi wa pili. Asiyemjua alimdhania mpishi wa vibarua.

Msimamizi mmoja mgeni wa mkandarasi alimdhania hivyo kule Rutamba. Tulikuwa tumefika kukagua msingi wa kituo cha kuchotea maji. Yule bwana akamwona mama anashuka garini, akamuuliza kama chai iko tayari. Mama Mhandisi akaenda jikoni kwa wapishi, akaleta birika, akamimina vikombe vya watu wote, akakaa nao chini. Msimamizi alipoanza kunywa, mama akafungua michoro magotini, akamwomba kwa upole majibu ya vipimo vya zege ya wiki iliyopita. Majibu hayakuwapo. Ile chai haikushuka. Nilipomuuliza tukiwa njiani kwa nini hakujitambulisha mapema, akasema kwamba mtu akikudhania mpishi hukwambia ukweli mwingi.

Lakini msimdhanie kuwa hakujali cheo. Alikijali sana, na hapo ndipo aliponichanganya. Kiongozi mmoja katika mkutano wa hadhara aliwashukuru "mafundi wetu" kwa kazi nzuri ya mabomba. Mama Mhandisi akanyoosha mkono. Akasema fundi amekaa safu ya pili, akamtaja jina, akamsimamisha apigiwe makofi. Kisha akasema yeye ni mhandisi, ana namba ya usajili, naye angependa kushukuriwa kwa kazi yake na fundi ashukuriwe kwa yake. Watu walicheka, kiongozi naye akacheka, na akashukuru upya.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu vyote viwili alivijua. Kwa miaka kumi na saba alikuwa fundi sanifu, anachora michoro inayosainiwa na wengine. Alipoamua kusomea shahada, binti yake alikuwa mwaka wa pili chuoni, yeye akaingia mwaka wa kwanza. Alituambia bila haya kwamba hesabu za mwaka ule alizipata kwa kuazima madaftari ya mwanawe, na kwamba malipo aliyotozwa na mtoto ni kupunguza maswali. Baada ya kuhitimu ikabidi afanye kazi chini ya usimamizi kama kijana yeyote, aandike ripoti, kisha aitwe kwenye usaili wa bodi ya usajili wa wahandisi ndipo aitwe mhandisi mtaalamu. Mara ya kwanza walimrudisha. Walimuuliza kuhusu programu ya kompyuta ya kupimia mtandao wa mabomba, akajibu kwamba haijui ila anaweza kufanya hesabu ileile kwa mkono, mbele yao, wakimpa muda. Muda hawakuwa nao. Akarudi Lindi akajifunza ile programu kwa mwaka mzima, akibonyeza vitufe kwa kidole kimoja kama mtu anayeua sisimizi, akaenda tena, wakampitisha. Mpaka nilipomkuta mimi bado alikuwa akiichukia, na bado kila Alhamisi mchana alinikalisha kando yake nimwonyeshe jambo jipya ndani yake.

Vyeti vyake hakuvitundika. Alisema ukuta haupigi hesabu. Ila Bakari, aliyekuwapo siku muhuri wake wa uhandisi ulipofika, alinisimulia kwamba mama alijifungia ofisini, akachukua daftari jipya, akagonga muhuri ule ukurasa mzima, mstari kwa mstari, kisha akala chakula chake cha mchana akiutazama.

Sheria ilitutaka kila mwaka tutimize saa kadhaa za mafunzo ili leseni zetu ziendelee kuwa hai. Wengine tulizihesabu saa zile kama mtu anavyohesabu siku za mfungo. Yeye alizipenda. Na bado, mtu huyu aliyetugombeza tukichelewa dakika tano alichelewa kila semina niliyokwenda naye, kwa sababu hakuweza kupita bomba linalovuja bila kusimamisha gari. Tukienda Mtwara, Bakari aliongeza saa nzima kwenye safari kwa ajili ya mabomba ya watu wengine.

Mwenzetu mmoja aliwahi kusaini mahudhurio asubuhi, akaondoka kwenda kuangalia korosho zake mnadani, na jioni akarudi kuchukua cheti. Mezani kwa Mama Mhandisi aliandika karatasi nzuri sana. Mama akaisoma, akamuuliza swali moja tu: mwalimu wa kipindi cha mchana alikuwa mwanamume au mwanamke? Yule bwana akacheka, kisha akaomba radhi. Mama hakumshitaki. Alimtaka aandike mwenyewe kwa bodi kwamba saa zile si zake. Akaandika. Na Jumamosi tatu mfululizo mama alikuja ofisini kumfundisha alichokikosa, ingawa Jumamosi hizo hazikuhesabiwa popote. Nadhani ndiyo maana hakuna aliyemchukia.

Sasa niseme habari ya Kilangala, kwa maana bila hiyo nitakuwa nimemweleza nusu.

Kilangala tulijenga tangi la zege juu ya nguzo sita. Mchoro ulikuwa wake, muhuri ulikuwa wake. Wanakijiji walikuwa wamechimba mitaro ya mabomba wenyewe, wanawake wakiongoza, kwa sababu ni wao waliokuwa wakishuka bondeni alfajiri kuchota. Tangi lilikuwa limekamilika, bado halijajazwa maji, na mgeni rasmi alikuwa amekwishapangiwa siku ya uzinduzi. Zilibaki siku tisa.

Wiki hiyo mimi nilikuwa Dar es Salaam kwenye mafunzo ya misingi ya majengo. Ijumaa, kipindi cha mwisho, mwalimu akatuonyesha picha za udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Akaeleza jinsi unavyoinua nguzo moja na kuiacha nyingine, na jinsi ulivyoangusha majengo yaliyojengwa kwa hesabu sahihi za udongo mwingine. Picha ya tatu niliacha kuandika. Nyufa zile nilikuwa nimeziruka kwa miguu yangu kule Kilangala, nikidhani ni ukame tu.

Jumamosi nilisafiri. Jumapili nilikaa nyumbani nimeikunja shuka, naifungua, naikunja tena. Mama yangu aliniuliza nani amekufa. Ningemwambiaje mtu aliyenifundisha kushika rula kwamba msingi wake ni mfupi? Tena zimebaki siku saba, na wakubwa wamekwishaagiza mahema.

Jumatatu nilikaa kwenye kile kiti, nikapewa karatasi tupu. Nikaandika: "Nitaacha kuamini kwamba mchoro uliogongwa muhuri haukaguliwi tena." Chini yake nikaandika neno Kilangala, na kina cha msingi, na kina ambacho mwalimu alisema udongo ule hufika ukicheza, yaani ukivimba na kusinyaa.

Alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akamwita Bakari atoe gari.

Kilangala alishuka na jembe la kuazima. Akachimba mwenyewe kando ya nguzo ya mashariki, nasi tumesimama tu kwa sababu hakumpa mtu jembe. Alipopata ufa, alilala kifudifudi, akaingiza mkono. Ukazama mpaka kiwiko. Akabaki hivyo kwa muda, shavu karibu na udongo, kama anayesikiliza. Alipoinuka, alinitazama mimi.

"Hili ulilijua lini?"

"Ijumaa, mama."

"Leo siku gani?"

"Jumatatu."

"Simu yangu huna?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa kumvunjia heshima.

"Kunivunjia heshima ni kunificha kwa siku tatu," alisema. "Kunisahihisha ni kazi. Mwanangu, usichanganye hayo mawili tena."

Hakunisema zaidi ya hapo, siku hiyo wala siku nyingine. Aliswali adhuhuri kwenye kivuli cha gari, kisha akamwomba mwenyekiti wa kijiji awaite watu.

Mkutano ule nimeuhudhuria mara nyingi kichwani mwangu. Aliwaeleza kwamba tangi halitajazwa maji, kwamba uzinduzi utaahirishwa, na kwamba kosa si la vibarua wala la mkandarasi, ni lake. Hakutumia neno moja la kitaalamu. Aliwaambia udongo wao unapumua, naye alijenga kana kwamba umelala. Mwanamke mmoja wa makamo, aliyesimamia uchimbaji wa mitaro, akasimama.

"Kwa hiyo tuendelee kushuka bondeni?"

"Ndiyo, dada. Miezi kadhaa."

"Ungenyamaza tungekunywa."

"Mngekunywa mpaka masika," Mama Mhandisi alijibu. "Masika watoto wenu wangekuwa chini ya hili tangi na ndoo zao."

Yule mwanamke alilitazama tangi, akalitazama eneo la chini yake, ambapo kwa kweli wakati ule ule watoto wawili walikuwa wamekaa kivulini. Akaketi. Baada ya hapo maswali yaliyoulizwa yalikuwa ya nani atachimba na lini.

Wakubwa hawakufurahi. Mgeni rasmi alielezwa kwamba kuna "marekebisho madogo", na Mama Mhandisi akaandika barua kusema si madogo. Akapewa onyo, likaingia kwenye faili lake, na jina lake, lililokuwa limependekezwa kwa cheo cha juu mwaka ule, likaondolewa. Haya niliyajua kutoka kwa watu wengine. Yeye alikuwa Kilangala. Tulichimba kila nguzo moja baada ya nyingine, tukashuka mpaka udongo usiocheza, tukapanua misingi, tukajaza mchanga na changarawe pembeni na kuchimba mifereji ya kuondoa maji ya mvua. Wanawake wa kijiji walitupikia ming'oko, mizizi ya porini, nasi tukaila na chumvi na pilipili tumekaa juu ya marundo ya kokoto. Kwangu mimi ilikuwa shule kuliko chuo. Masika yakaja, yakanyesha kweli, nasi tukaenda na vipimo kila wiki. Nguzo hazikusogea. Maji yalifunguliwa bila hema na bila mgeni rasmi, na yule mwanamke wa makamo ndiye aliyezungusha koki.

Ningedhani angetaka jambo lile lisahaulike. Badala yake aliomba nafasi kwenye mkutano wa mwaka wa wahandisi, wanakokusanyika mamia kupata saa zao. Wengi huja na picha za madaraja marefu na majengo ya vioo. Yeye alikuja na picha ya mkono wake ndani ya ufa, ambayo Bakari aliipiga kwa simu, na mada yake aliiita "Makosa Yangu Manne Kilangala". Niliketi nyuma, moyo ukinidunda kwa niaba yake. Dakika za mwanzo watu waliinamisha vichwa, kama tunavyofanya mtu anapojivua nguo hadharani. Akasema kosa la kwanza ni kutopima udongo kwa sababu alipima wa kijiji cha jirani. La pili ni kuona nyufa na kuziita ukame. La tatu ni kuwafanya vijana wake wamwogope kiasi kwamba ukweli ulikaa nyumbani siku tatu. Hakunitaja. La nne, alisema, bado halijui, na kama yupo anayeliona amwambie wakati wa chai.

Wakati wa chai walimpanga foleni. Mzee mmoja mhandisi mshauri alilikuta kosa la nne kwelikweli, kuhusu mfereji, na Mama Mhandisi akaliandika kwenye kiganja chake kwa sababu daftari lilikuwa mbali.

Mwaka uliofuata wenzake wa taaluma walimtunuku ngao ya heshima. Alipanda jukwaani na buti zake, akashukuru kwa sentensi mbili, akashuka. Kisha akaisoma ngao vizuri, akaona kijiji kimeandikwa Kilangalanga, akairudisha palepale irekebishwe. Ilipokuja ya pili aliipeleka kijijini. Kamati ya maji waliipigilia misumari ndani ya kibanda cha pampu, na nilipopita mwaka jana ilikuwa bado ipo, na juu yake zimening'inizwa funguo za kibanda.

Alistaafu, akahamia Kilwa Masoko, mtaa wa nyuma ya soko. Mimi nikapita usaili wangu, nikala kiapo, nikapata muhuri wangu, na baada ya miaka michache nikaanza kuitwa kufundisha. Ndipo nikaletwa Kilwa Masoko kutoa mafunzo ya siku mbili kuhusu visima vya pwani na maji ya chumvi.

Nilikuwa napanga karatasi zangu nikasikia mabishano mlangoni. Msichana wa mapokezi alikuwa anamweleza mtu kwa adabu kwamba wastaafu hawahitaji saa za mafunzo. Sauti ikamjibu kwamba haikuja kuchukua saa, imekuja kusikiliza, na ada imelipa. Alikuwa Mama Mhandisi, amepungua kidogo, na miwani ilikuwa nene zaidi. Alikaa safu ya mbele, akafungua daftari, akanitazama kama mwanafunzi yeyote.

Nilieleza kwamba wakati wa kiangazi, maji matamu ya ardhini yanapopungua, maji ya bahari husogea na visima huwa vya chumvi, na masika yakija visima hupona. Akanyoosha mkono. Akasema kisima chake hufanya kinyume. Kiangazi ni kitamu, masika ni chumvi, mwaka wa pili sasa. Kwa nini?

Ukumbi mzima ulinigeukia. Nilitafuta jibu la kuficha kutojua kwangu, na majibu ya namna hiyo ni mengi. Nikasema sijui.

"Vizuri," alisema, akaandika.

Kipindi kilipokwisha tulitembea pamoja hadi kwake. Masika yalikuwa ndiyo yamepamba moto, mitaro imejaa. Nilivuta ndoo, nikaonja: chumvi kabisa. Akanieleza kwamba amebadilisha pampu mara mbili, amesafisha kisima, na amehitimisha kwamba bahari inapita chini ya mtaa ule kwa njia isiyojulikana na vitabu. Nikamuuliza upande wa juu kuna nini. Akasema kuna jirani tu, mfanyabiashara wa samaki, mtu mwema.

Nilichungulia juu ya ukuta. Jirani alikuwa anatia samaki chumvi na kuwaanika. Maji ya kuwaoshea aliyamwaga kwenye shimo lililo mita chache tu kutoka pale tuliposimama, na kando yake kulikuwa na rundo la viroba vya chumvi vilivyolowa mvua. Tukaomba kuonja kisima cha nyumba ya upande wa pili wa jirani yule, upande wa juu. Kilikuwa kitamu. Basi mvua za masika ndizo zilizokuwa zikiishusha chumvi ya jirani mpaka kisimani kwake.

Mama Mhandisi alisimama na kikombe mkononi, akautazama ukuta, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa kisima. Alisema miaka miwili ameilaumu bahari ya watu, kumbe hakuwahi kuchungulia ukuta wa jirani. Kisha akaweka kikombe chini, akaniweka sawa mbele yake kwa mabega yangu yote mawili.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

Nikamwambia asinifanyie hivyo, watu wanasikia, mimi ni mtoto wake.

"Hujaitikia."

Nilijaribu kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka tena. Alisubiri, mikono imelala juu ya tumbo, kama mtu mwenye muda wa kutosha.

"Marahaba," nikasema, kwa sauti ndogo.

Akatikisa kichwa kuridhika, akajifunga ushungi vizuri, akatoka nje kwenda kubisha hodi kwa jirani.